Mafundo Matano ya Alhamisi

Dada mpendwa,

Pokea salamu zangu, na baada ya salamu naomba jambo moja dogo: usiichane barua hii kabla hujafika mwisho. Natumaini goti lako limepunguza kukusumbua na kwamba dawa unaipaka asubuhi, siyo jioni ukishamaliza kuzunguka nyumba nzima, maana nakufahamu. Shemeji naye naamini kikohozi kimemwacha. Sisi huku tu wazima. Wifi yako anakusalimu sana na amesema nisisahau kukuuliza kama ile miwani mipya imekufaa au bado unasoma kwa kuinamisha kichwa.

Barua zangu mbili zilizopita hukuzijibu. Ya kwanza nilidhani imepotea njiani. Ya pili nikamshuku shemeji kwamba ameificha, Mungu anisamehe, nikakaa wiki nzima nikimchukia mtu ambaye hajanikosea kitu. Mwishowe nikakubali kwamba barua umezipata, kusoma unajua, na umeamua kutoniandikia. Tangu utotoni uliniita Bwana Wasiwasi, na sikatai. Ila safari hii wasiwasi wangu umenifikisha mahali ambapo sikutaka kufika, na wewe ndiye wa kwanza unayestahili kuambiwa.

Habari yenyewe inamhusu binti yako. Kama unavyojua, Jumatatu ijayo baraza la chuo linakaa kusikiliza rufaa yake. Wakimkatalia, udaktari kwake umekwisha, hakuna mlango mwingine wa kubisha. Najua pia kwamba baraza liliponiandikia kuniuliza maoni yangu kama mkuu wa idara ya upasuaji, ulitegemea nitamtetea mpwa wangu. Niliwajibu kwa mstari mmoja tu: kwamba hana mikono ya kazi hii. Mstari huo uliusoma, na ndiyo maana kimya kikaanza. Sasa nieleze nilivyoletwa mpaka hapa, hatua kwa hatua, maana nikianzia mwisho utadhani nimechanganyikiwa.

Miezi mitatu iliyopita lilibandikwa tangazo kwenye mlango wa chumba cha walimu. Lilisema wahadhiri wote wa chuo cha udaktari wanahimizwa kushiriki mafunzo ya ualimu, kila Alhamisi alasiri, kwa wiki kumi na mbili. Neno hilo la kuhimizwa lilininyima raha. Mtu akikulazimisha, angalau unajua usimame naye wapi. Akikuhimiza, tena kwa karatasi nzuri yenye mhuri, ujue ana lake jambo.

Wenzangu walicheka. Mwalimu wa magonjwa, yule rafiki yangu tunayemwita Hadubini kwa jinsi anavyokufinyia jicho moja akizungumza nawe, alisimama mbele ya tangazo akasema kwamba yeyote atakayeandika jina lake hapo amekiri kwa mkono wake mwenyewe kuwa hajui kufundisha, na mwaka utakaofuata ataonyeshwa hiyo hiyo saini wakati anafukuzwa. Maneno hayo yaliniingia moja kwa moja. Niliyachukua nikayasambaza idara nzima kana kwamba ni yangu. Nilisema waliotufundisha sisi hawakufundishwa kufundisha na mbona tumekuwa madaktari. Wiki mbili zilipita, kwenye karatasi kukawa na majina mawili, na moja lilikuwa limekatwa.

Ndipo Mkuu wa chuo akaniita ofisini. Huyu ni mgeni, hana hata mwaka, na ni mpole kupita kiasi, jambo ambalo tangu siku ya kwanza sikulipenda. Alinimiminia chai kwa mkono wake. Akasema amegundua kwamba walimu wananisikiliza mimi kuliko wanavyomsikiliza yeye, na kwa hiyo anaomba niwe mhamasishaji wa mafunzo hayo. Nilijiuliza kama anajua nilichokuwa nikikisema vyumbani. Nikajiuliza kama anataka kunitumia kuwanasa wenzangu, au kuwatumia wenzangu kuninasa mimi. Nilimwambia nitafurahi sana.

Nilikubali, dada, ili nijue kinachopikwa. Nikazunguka ofisi kwa ofisi nikihamasisha, na ungeniona ungecheka. Mwalimu wa kemia nilimwambia nimesikia cheti hicho kitaangaliwa wakati wa kupandisha watu vyeo, kitu ambacho sikukisikia popote. Daktari wa akili nilimwambia kwamba asipokuja atakuwa wa kwanza kusemwa. Mwalimu wa dawa, mama mmoja mtaratibu ambaye tunamwita Mfamasia, hata sikumaliza sentensi, alisema amekuwa akitamani kitu kama hicho kwa miaka, nikaondoka nikimshuku yeye pia. Hadubini nilimfungia mlango nikamwambia twende tukapeleleze wote wawili. Tukafika watu kumi na wanne. Mkuu alinishukuru mbele ya mkutano, na hata shukrani yenyewe nilirudi nayo nyumbani nikaigeuzageuza kama mtu aliyepewa sahani asiyoijua imetoka jiko gani.

Mkufunzi alikuwa mwanamke mfupi mwenye viatu vya bapa na mkoba uliojaa makaratasi, basi siku hiyo hiyo akabatizwa Mama Karatasi. Siyo daktari. Maisha yake yote amefundisha walimu wa shule za msingi, kama wale waliokufundisha wewe ualimu. Sisi sote alituita walimu, maprofesa kwa wahadhiri wadogo, na kuna waliovimba. Maswali yake yalikuwa ya ajabu. Aliuliza unapofundisha huwa unasimama wapi. Aliuliza aliyekaa nyuma kabisa anaona nini. Aliuliza ni lini mara ya mwisho ulimwuliza mwanafunzi aliyefeli alikuwa akifikiri nini alipokosea. Swali hilo alipoliuliza aliniangalia mimi, au mimi niliona ananiangalia mimi.

Hapo hesabu zangu zikakamilika. Rufaa ya binti yako ilikuwa imeshafika baraza. Mafunzo yameletwa ghafla. Mimi nimevutwa niingie kwa chai na maneno matamu. Na huyu mama anauliza habari za waliofeli. Nikakata shauri kwamba mafunzo yote yale ni njama ya kukusanya ushahidi dhidi yangu, na kwamba nyuma yake yupo binti yako, na nyuma ya binti yako upo wewe. Naam, dada. Niliwaza hivyo. Nilipomweleza Hadubini, aliniambia kwamba daktari wa akili yupo milango miwili mbele na leo hana foleni.

Sikusikia la mtu. Jumatano moja nilimwona Mama Karatasi akitoka masjala na faili la kahawia. Nikasubiri apite, nikaingia kumwuliza karani ni faili gani lile. Akaniambia ni orodha ya mahudhurio. Nikamwambia sawa, na sikumwamini. Kesho yake, mama wa watu alipokwenda kunawa mikono, nilifungua mkoba wake. Mimi, mtu mzima, mkuu wa idara, nimeinama kwenye mkoba wa mwanamke huku sikio liko mlangoni. Nilikuta chaki, kopo la chakula, na mchoro wa chumba chetu unaoonyesha nani hukaa wapi. Pembeni ya kiti changu ameandika kwamba hukaa karibu na mlango. Nilikaa na maneno hayo siku nne.

Wiki ya sita ilikuwa zamu ya vitendo. Kila mmoja alitakiwa awafundishe wenzake wa idara nyingine jambo moja la kazi yake linalofanywa kwa mikono, kwa dakika kumi, kama anavyofundisha siku zote. Nilifurahi, kusema kweli. Nilichagua fundo la mshono. Wewe unajua kwamba hilo ndilo jambo langu. Miaka kumi na minane nalifundisha mimi, simwachii mtu, maana mshipa uliofungwa vibaya hukufungukia mgonjwa akiwa tayari kitandani, na hapo huna cha kumwambia ndugu yake. Uzi unazungushwa mara ya kwanza, halafu mara ya pili mikono lazima igeuke. Isipogeuka, fundo linaonekana safi tu, hata mwenyewe unalipenda, lakini likivutwa linateleza. Mtihani wetu ni huo: nalivuta kwa kidole kimoja. Likifunguka, mgonjwa amekufa, namwambia mwanafunzi hivyo hivyo, aende.

Nilikuwa na wanafunzi sita, wote wenye shahada za kutosha kufunika ukuta. Niliwapa kamba za viatu, nyekundu na nyeupe, wafungie kwenye migongo ya viti. Mfamasia alichelewa na viti vya mbele vilikuwa vimejaa, akavuta kigoda akakaa nyuma ya bega langu la kushoto. Nikawasimamia uso kwa uso kama kawaida yangu, nikalifunga mara tatu, upesi upesi, nikawaambia fanyeni kama nilivyofanya. Nikauliza kama kuna swali. Hakukuwa na swali. Wakafunga, nami nikapita na kidole changu.

La Hadubini lilifunguka. La mwalimu wa kemia likafunguka. La daktari wa akili, la mwalimu wa vijidudu, la yule wa mapigo ya moyo, yote matano yaliteleza moja baada ya jingine, na wote walikuwa wamekosea kosa lile lile moja. Lililokaza lilikuwa la Mfamasia peke yake. Mama Karatasi aliandika kitu kwenye karatasi zake.

Unadhani nilielewa? Nilikasirika. Nilijua wamepangana. Watu watano wasomi hawawezi kukosea sawasawa kama waliokariri pamoja, isipokuwa wamefundishwa kukosea ili niabike. Nilichukua kamba zangu nikatoka, na Hadubini aliponifuata kwenye korido akiapa kwamba amefanya alichokiona, nilimwambia urafiki wetu ameuuza kwa sambusa za mafunzo.

Ijumaa asubuhi nilichukua funguo za stoo ya mitihani. Kila mwanafunzi hufunga mafundo yake kwenye sponji iliyopigiliwa ubaoni, ubao una namba, na mbao hutunzwa miaka miwili kwa ajili ya rufaa. Nilitaka kuzitoa niwaonyeshe watu kwamba wanafunzi wangu wanafunga mafundo yanayokaza, na kwa hiyo wale watano walikuwa waongo. Nilizipanga sakafuni, waliofaulu huku, waliofeli kule. Waliofaulu mafundo yao yalikuwa imara kweli. Kisha nikaanza ya waliofeli, ambayo mimi mwenyewe niliyavuta yakafunguka na kisha nikamwacha mwanafunzi afunge tena ili ubao ubaki kama kumbukumbu. Walikuwa tisa. Dada, yote yalikuwa na kosa lile la Alhamisi. Mzunguko wa pili haukugeuzwa. Hapakuwa na mvivu wala mzembe pale, kulikuwa na watu tisa waliofanya kitu kimoja kwa uangalifu.

Ubao wa binti yako ni namba ishirini na saba. Mafundo yake ndiyo yalikuwa safi kuliko yote chumbani mle, nafasi zimelingana, nyuzi zimekatwa urefu mmoja. Na yote yaliteleza. Nikakaa pale chini kwenye vumbi na suruali yangu ya kazini. Nikachukua kamba za viatu, nikazifunga kwenye mguu wa meza mbele ya kioo cha kabati, na kwa mara ya kwanza nikalitazama fundo langu kutoka upande wanaokaa wao. Mimi natumia kushoto. Katika mzunguko wa pili, mkono wangu wa kushoto unakuja juu na kufunika kila kitu. Mtu aliye mbele yangu haoni mikono ikigeuka. Anaona mzunguko wa kwanza, anaona kiganja changu, basi. Anayeona ni aliyekaa nyuma ya bega langu.

Lilibaki swali moja: wale waliofaulu waliliona wapi? Wasiwasi wangu ukaamka tena, nikadhani mtihani umekuwa ukivuja. Nilimfuata muuguzi mkuu wa chumba cha upasuaji, mama ambaye alikuwa pale kabla yangu, nikamkuta anakunja vitambaa. Nilimwuliza bila salamu ni nani anawafundisha wanafunzi wangu kufunga fundo. Mwanzoni alijitia hajui. Halafu akaniuliza kama akisema nitakasirika, nikasema sitakasirika, na yeye akacheka kidogo kwa jinsi nilivyolisema. Ndipo akanieleza kwamba kila mwaka wanafunzi humjia Jumamosi, kwa kujificha, na yeye huwaketisha pembeni yake na kuwaonyesha. Wanamwita shangazi. Ameyafanya hayo miaka kumi na minane, kwa sababu kutoka mbele mkono wangu unaficha. Nilimwuliza kwa nini hakuniambia. Akasema aliniambia, mwaka wangu wa kwanza kabisa, nami nilimjibu ahesabu pamba zake. Sikumbuki, dada. Yeye anakumbuka mpaka rangi ya shati nililovaa.

Nilimshukuru Mungu kwa ajili yake, maana bila huyo mama sijui ni wagonjwa wangapi wangekuwa wamefungwa kwa mafundo yangu. Kisha nikamwuliza kuhusu binti yako, kwa nini hakwenda Jumamosi kama wengine. Akasema alikuja mara moja. Alisimama mlangoni, akaona wenzake wameketi wanafundishwa, akageuka. Muuguzi alimfuata akamwita. Yeye akajibu kwamba mjomba wake alishasema darasani kuwa anayetaka kufundishwa na muuguzi akavae sare ya muuguzi, na yeye hataki siku moja ijulikane kwamba aliyemzunguka mjomba ni damu yake mwenyewe. Mwaka wa pili muuguzi alimwita tena, akakataa tena. Alifeli mara ya pili kwa kunistahi mimi.

Sasa nafika penye uzito, nami naomba uketi.

Mama Karatasi alituuliza Alhamisi moja kama kuna mwanafunzi aliyewahi kutuambia haoni, na mimi nilikuwa wa kwanza kutikisa kichwa. Nilidanganya. Aliyesema yupo, mmoja tu kwa miaka yote hiyo, na ni binti yako. Ilikuwa somo lao la kwanza la mafundo. Alinyoosha mkono, akaniita daktari, maana darasani hakuwahi hata siku moja kuniita mjomba, akasema kwa adabu kwamba mkono wa kushoto unaufunika uzi, akaomba kama naweza kugeuka kidogo. Ilikuwa ni kugeuka tu. Lakini darasa zima liligeuza shingo kutazama mjomba atamjibu vipi, na mimi nilikuwa nimekaa tangu mwanzo wa mwaka nikiogopa kuambiwa nambeba. Nilimwambia kwamba anayetaka kushikwa mkono arudi kwa mama yake anayefundisha darasa la kwanza.

Walicheka sana. Nami nilicheka. Alikaa, na tangu siku ile hakuuliza tena, wala mwingine hakuuliza.

Na baya zaidi ni lile lililofuata nyumbani kwako. Alipofeli mara ya kwanza nilikuja, nikala chakula chako, nikakuambia kwamba tatizo la mtoto ni kiburi, kwamba haulizi. Hayo ndiyo maneno yangu, haulizi. Ukamgeukia ukamsema mbele yangu, ukamwambia wewe umefundisha watoto miaka thelathini na hujawahi kumwona anayejua bila kuuliza. Yeye alinitazama. Alikuwa na nafasi ya kusema na hakusema. Mimi niliinamia sahani. Ulimsema kwa kosa langu, dada, nami nikakuacha umseme.

Jumatatu iliyopita nilikwenda kwa Mkuu nikamweleza yote, ila habari za mkoba. Alisikiliza kwa upole wake ule, akasema jambo hili linaweza kumalizika vizuri bila kelele. Niandike tu kwamba nimemsamehe binti na sina pingamizi arudi. Akaniomba nifikirie mafunzo: watu wameanza kuja kwa shida, na wakisikia mhamasishaji mwenyewe ameingia akatoka na aibu, nani atakanyaga tena. Safari hii nilimshuku na nikawa na haki. Nilimwuliza nimsamehe nini. Akanimiminia chai, nikaiacha.

Alhamisi nilifunga fundo tena mbele ya wenzangu wote kumi na watatu, safari hii nikiwa nimewapa mgongo nao wamesimama nyuma yangu, nikawaambia kwa nini, na la mpwa wangu nikalisema pia. Wawili wamekwishakata majina yao kwenye orodha, kwa hiyo Mkuu hakukosea kabisa. Nilimwomba Mama Karatasi radhi kwa mkoba wake. Alistaajabu, kwa sababu hakujua kama umefunguliwa, na alistaajabu zaidi kusikia kwamba nina mpwa. Hadubini hajanisemesha bado, lakini nilimwona baada ya kipindi akimfuata yule mama polepole, akamwuliza kama anaweza kuja kukaa kwenye somo lake la hadubini na kumwambia wanafunzi wanaona nini hasa mle ndani.

Barua ya baraza niliiandika kurasa mbili. Nimefuta ule mstari wangu, nimeeleza mkono, mbao tisa, swali lililoulizwa na jibu nililolitoa. Nilihitaji nakala. Najua binti yako anafanya kazi kwenye lile duka la kutoa nakala nyuma ya posta. Nimejua kwa miezi saba, na kwa miezi saba nimekuwa nikipita upande wa pili wa barabara. Jana nilivuka. Alisema karibu mzee bila kuinua kichwa, akapokea karatasi, akaniuliza ngapi, nikasema sita. Alipoziweka kwenye mashine akaanza kusoma. Mashine ilimaliza, yeye alikuwa bado anasoma. Alizilinganisha kingo, akazibana pini moja moja, bila haraka. Kisha akaniambia kwamba wajumbe wa baraza ni saba, mjomba, watu humsahau mwakilishi wa wanafunzi. Akarudisha karatasi kwenye mashine akatoa ya saba. Nilijaribu kusema niliyokuwa nimeyapanga njia nzima. Akaniambia nyuma yangu kuna foleni, na ilikuwa kweli, kulikuwa na watu watatu.

Nakala zote saba zimekwishafika. Sijui Jumatatu watasema nini, na mara hii sibahatishi mawazo ya mtu. Idara wanaweza kuninyang'anya. Kwako siombi msamaha leo, ningekuwa naharakisha.

Msalimie shemeji, mwambie nilimshuku bure. Wasalimie majirani wote wanaoniuliza. Na binti yako akirudi kutoka kazini jioni akakuta bahasha yangu mezani, akataka kujua mjomba wake ameandika nini, mwambie ameandika kwamba mtoto aliuliza.

Ni mimi,
mdogo wako.